Mayai ya Chura Kwenye Dimbwi Linalokauka: Jinsi ya Kuyaokoa Hatua kwa Hatua, Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Kila msimu wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Mayai yanageuka meupe siku ya pili. Au yanaanguliwa vizuri, halafu viluwiluwi wote wanakufa usiku mmoja baada ya wiki. Au wanafika hadi kuota miguu, na asubuhi wanakutwa wanaelea wamekufa. Kosa la kwanza mara nyingi ni la maji, la pili ni la msongamano na chakula kingi, la tatu ni kukosa pa kupandia. Yote yanazuilika kwa vifaa vya nyumbani.

Kwa upande wetu wa ziwa hatari huja mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni mvua za Oktoba na Novemba zinapokatika wiki mbili tatu baada ya vyura kutaga. Mara ya pili ni Januari na Februari, vuli imeisha na masika bado. Mashimo ya matofali, machimbo ya mchanga, majaruba ya Magu na Misungwi, mifereji ya barabarani na vidimbwi vya juu ya majabali ndiyo hukauka kwanza.

## Vifaa

- Beseni pana la plastiki la lita 40 hadi 60. Mawili ni bora zaidi. Usitumie karai la bati, kwa sababu zinki inayotoka kwenye bati huua viluwiluwi.
- Ndoo mbili za lita 20, moja iwe na mfuniko. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya shambani, rangi au sabuni haifai hata ukiisugua mara kumi.
- Bakuli la plastiki, sahani bapa, kijiko, mkasi, chujio la chai.
- Neti ya dirishani au shela ya kufunika beseni. Chandarua chenye dawa usikitumie kamwe, hata kama ni chakavu. Dawa yake ni sumu kali kwa samaki na viluwiluwi, na haiishi kwa kufuliwa mara chache.
- Kijiti kirefu chenye alama kila sentimita moja.
- Mawe mawili matatu, kipande cha tofali na kipande cha ubao.
- Gambuti. Madimbwi ya huku yana konokono wa kichocho, kwa hiyo usiingie peku.

Mikono iwe imesuuzwa kwa maji matupu, bila sabuni, mafuta ya kujipaka wala dawa ya kufukuza mbu. Glavu za mpira za hospitali nazo acha, mpira wake hudhuru viluwiluwi. Njia salama zaidi ni kutogusa mayai kabisa na kuyachota kwa bakuli.

## Hatua ya 1: Hakikisha dimbwi linakauka kweli

Vyura wengi wa huku wanataga kwenye maji ya muda kwa makusudi, kwa sababu maji hayo hayana samaki. Dimbwi dogo peke yake si dharura. Kuondoa mayai mahali ambapo yangepona ni hasara tupu, maana hakuna beseni linalolingana na dimbwi zuri.

Chomeka kijiti mahali penye kina kirefu zaidi. Soma alama asubuhi, kisha asubuhi mbili zinazofuata saa ileile. Gawanya kina kilichobaki kwa kiasi kinachopungua kwa siku. Kina cha sentimita 12 kinachopungua sentimita 1 kwa siku kina siku 12, tena punguza kidogo, kwa sababu maji yakiwa haba hupata joto na kupotea haraka zaidi.

Sasa linganisha na mahitaji. Kwa joto la Mwanza mayai mengi huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 4, na kiluwiluwi huhitaji takriban wiki 4 hadi 8 kuwa chura, kutegemea aina. Wapo wanaochukua karibu miezi mitatu. Dimbwi lenye siku 12 na mayai mabichi halitoshi. Dimbwi lenye siku 12 na viluwiluwi wenye miguu ya nyuma tayari linaweza kutosha, liache.

Angalia pia udongo. Mbuga nyeusi, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, hushika maji muda mrefu. Luseni, yaani udongo wa kichanga, huyanywa hata jua likiwa limefichwa na mawingu.

## Hatua ya 2: Saidia dimbwi kabla ya kuhamisha chochote

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa wengi zaidi kwa kazi ndogo zaidi.

Chimba shimo la kimbilio ndani ya dimbwi, upande usio na mayai, upana wa kama mita moja na kina cha sentimita 30 hadi 40. Maji yakipungua, viluwiluwi watakusanyika humo wenyewe. Chimba taratibu ili tope lisifunike mayai. Kwenye mbuga, ukiona udongo unabadilika kuwa mchanga au changarawe, simama hapo hapo: ukitoboa tabaka la mfinyanzi maji yote yatazama chini.

Kisha weka kivuli. Matawi yenye majani yaliyochomekwa upande wa magharibi huzuia jua la alasiri, ambalo ndilo kali. Usitumie matawi ya mnyaa wala mti mwingine wenye utomvu wa sumu.

Kama kuna ng'ombe wanaokuja kunywa, zungumza na mwenye mifugo kwanza, halafu zungushia miiba sehemu yenye mayai tu. Dimbwi ni la wote, na uzio wa dimbwi zima utang'olewa siku hiyohiyo.

Unaweza pia kuongeza maji yaliyoandaliwa kama ilivyoelezwa hapa chini, isizidi robo ya maji yaliyopo kwa siku moja. Yamimine pembeni, polepole.

Ukiona bado haitoshi, ndipo uhamishe.

## Hatua ya 3: Andaa maji siku mbili kabla

Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua mayai na viluwiluwi. Yaweke kwenye chombo kipana kilicho wazi juani kwa saa 48, ukiyakoroga mara kadhaa kwa siku. Kuyachemsha kisha kuyatumia siku hiyohiyo hakusaidii: hewa yote imetoka, na viluwiluwi watakosa pumzi.

Maji ya mvua ni mazuri, lakini acha mvua ya dakika za kwanza ioshe paa. Paa la bati hutoa zinki, kwa hiyo ukiweza kinga moja kwa moja kutoka angani.

Maji ya kisima yana hewa kidogo. Yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kumi hivi, kisha yaache usiku kucha.

Maji ya ziwa ni chaguo la mwisho. Huja na vifaranga vya samaki, mayai ya konokono na vimelea vya kichocho. Ukilazimika, yachuje kwa kitambaa kizito na uyahifadhi saa 48 bila konokono hata mmoja ndani. Vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi havivuki muda huo.

Mwishowe utachanganya nusu maji haya na nusu maji ya dimbwi lenyewe, yaliyochujwa kwa chujio la chai. Mchanganyiko huo huzuia mayai kupata mshtuko.

## Hatua ya 4: Tambua ulichokikuta

Umbo la mayai ndilo linaloamua namna ya kuyachota.

Uzi mrefu wa ute wenye punje nyeusi, umezungushwa kwenye nyasi: ni wa vyura wenye ngozi ya chunusi wanaozurura uani usiku. Mama mmoja hutaga maelfu. Kipande cha sentimita 20 tu kinaweza kuwa na mayai zaidi ya mia.

Utando mwembamba unaoelea, mayai yamepangwa safu moja juu ya maji: ni wa vyura wa nyasi wenye miguu mirefu na wa vyura wadogo wa madimbwini. Hapa ndipo penye hasara kubwa. Mayai haya hupumua kwa kukaa juu, na ukiyamimina kutoka kwenye ndoo hukunjika, huzama na kufa. Ukiyaona meupe siku ya pili, fikiria sababu hii kwanza.

Moja moja kwenye nyasi zilizo ndani ya maji: kata nyasi na ubebe pamoja nayo. Usiyabandue.

Kwenye jani lililoning'inia juu ya maji: ni ya baadhi ya vyura wa matete. Kata jani zima na kikonyo chake. Usilizamishe majini.

Vitu viwili si vya chura. Kidonge cha ute kigumu kidogo, kimebandikwa bapa chini ya jani, chenye vijiduara vya wazi au rangi ya kaharabu bila kiini cheusi, ni mayai ya konokono. Kijiboti cha kahawia cha milimita chache kinachoelea ni mayai ya mbu. Vyote viwili vitoe na uviache vikauke nchi kavu. Ukivibeba nyumbani unajiletea kichocho na mbu.

## Hatua ya 5: Chota na usafirishe

Nenda saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado na ubaridi.

1. Weka lita 5 za maji ya dimbwi kwenye ndoo ya lita 20. Uso mpana wenye hewa juu ni bora kuliko ndoo iliyojaa.
2. Uzi: kata kipande kwa mkasi, kisha zamisha bakuli chini yake na uinue vyote pamoja na maji. Usivute, ute ukipasuka yai halina kinga.
3. Utando: ingiza sahani bapa chini yake bila kuugeuza, inua taratibu, na uishushe sahani ndani ya maji ya ndoo mpaka utando uelee wenyewe.
4. Funika bila kubana. Peleka kivulini, usizidishe saa moja njiani. Kwenye bodaboda, mtu wa nyuma apakate ndoo. Ikining'inizwa kwenye usukani itapiga mawimbi njia nzima.

Chukua kidogo. Beseni la lita 50 linatosha viluwiluwi 100, basi. Ukiwa na mayai zaidi ya hapo, gawana na majirani wenye mabeseni yao au yahamishie kwenye shimo la kimbilio. Kujaza mia tano kwenye beseni moja ni kuwaua wote kwa pamoja badala ya kuokoa sehemu.

Usichote ndani ya eneo la hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Huko wenye mamlaka ndio wa kuamua.

## Hatua ya 6: Beseni na kuanguliwa

Weka beseni kivulini, mahali panapopata mwanga bila jua la mchana. Joto la maji likae kati ya nyuzi 22 na 28. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Ongeza nyasi za dimbwi lilelile, zikiwa zimekaguliwa konokono. Gugumaji usilisogeze hata shina moja, maana linachipuka popote lipatapo maji.

Hamisha mayai kutoka ndoo hadi bakuli lenye maji ya ndoo kwa njia ileile ya Hatua ya 5, kisha weka bakuli hilo lielee juu ya maji ya beseni kwa dakika 20 hadi 30. Kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya beseni ndani ya bakuli kila dakika tano, na mwishowe liinamishe mayai yatoke yenyewe. Jani la mayai ya vyura wa matete lifunge kwa uzi kwenye ufito, sentimita tano juu ya maji, na ulinyunyizie matone asubuhi na jioni. Viluwiluwi wataanguka wenyewe.

Funika kwa neti na uikaze kwa kamba pande zote. Neti hiyo inazuia mbu kutaga, kuku na bata kudonoa, na mbwa kunywa. Mayai na ngozi ya vyura wenye chunusi vina sumu. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya kina hiki, kwa hiyo beseni likae mahali asipofika, au juu ya meza imara.

Dalili ya mafanikio: punje nyeusi ya duara inarefuka siku ya kwanza au ya pili, inapata mkia, kisha inatikisika ndani ya ute. Mayai yaliyogeuka meupe au yenye manyoya ya kuvu yatoe kwa kijiko mara moja, kuvu hurukia yaliyo jirani.

Watoto wapya hujibandika kwenye nyasi na ukuta wa beseni bila kusogea siku moja au mbili. Hawajafa. Wanamalizia kiini cha yai. Usiwape chochote mpaka waanze kuogelea huku na huko.

## Hatua ya 7: Chakula na maji

Chemsha majani ya mchicha mpaka yalegee, yapoze, kisha weka jani moja lenye ukubwa wa kiganja kwa viluwiluwi 100. Likiisha mapema, kesho weka moja na nusu. Likibaki hadi kesho yake, litoe na upunguze. Mara mbili kwa wiki ongeza unga wa dagaa, kibano kimoja cha vidole viwili. Dagaa wawe wa jua, wasio na chumvi, wameoshwa mchanga kabla ya kusagwa. Jiwe lenye ukijani kutoka dimbwini ni chakula kizuri kuliko vyote, nao watalikwangua mchana kutwa.

Ukiona viluwiluwi ambao mwili wao unaonekana hadi ndani kama kioo, wana sharubu mbili ndefu na wanaelea vichwa chini bila kugusa mchicha, hao ni wa chura mwenye kucha. Hula kwa kuchuja maji. Wape maji ya kijani kutoka dimbwini au mchicha uliosagwa ukachujwa kwa kitambaa, vijiko viwili kwa siku.

Vifo vya usiku mmoja hutokana na chakula kilichooza. Mabaki na mavi hutoa amonia, hewa inakwisha gizani, na asubuhi wote wamelala chini. Kwa hiyo badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku mbili au tatu. Kwenye beseni lenye lita 45 hiyo ni lita 15. Chota uchafu wa chini kwa kikombe ukipitisha kwenye chujio, na urudishe walionaswa. Usibadilishe yote kwa mpigo.

Ukikuta maji yananuka, yana mapovu yasiyopasuka, au viluwiluwi wote wako juu wanavuta hewa kwa pamoja, badilisha nusu ya maji saa hiyohiyo na usilishe siku nzima. Mmoja mmoja kupanda juu kugugumia hewa ni kawaida, hasa wakishakua.

Kagua maadui kila siku. Mtoto wa kereng'ende, mbawakawa wa maji na kunguni wa maji hula viluwiluwi kadhaa kwa siku. Yupo pia kiluwiluwi mkubwa kuliko wenzake anayewala wengine. Mtenge kwenye chombo chake. Vijidudu vinavyojikunjakunja vikining'inia chini ya uso wa maji ni viluwiluwi wa mbu: watoe kwa chujio, na ukague neti imetoboka wapi. Usitegemee viluwiluwi wa chura wakumalizie mbu.

Siku nyumba inapopuliziwa dawa ya ukoko, au jirani anapopiga dawa bustanini, hamisha beseni mbali kabla ya kazi kuanza. Oili chafu ambayo wengine humwaga majini kuua mbu huua viluwiluwi pia.

## Hatua ya 8: Miguu ikitoka

Hapa ndipo wanapopotea waliolelewa vizuri wiki zote. Miguu ya nyuma huja kwanza, na kwa muda mrefu hakuna cha kufanya. Lakini mikono ya mbele ikitokeza, mambo hubadilika ndani ya siku moja: kiluwiluwi anaanza kupumua kwa mapafu, mdomo unajengwa upya, anaacha kula na kuishi kwa kuufyonza mkia wake. Asipopata mahali pakavu anazama.

Usisubiri mikono. Ukiona miguu ya nyuma imekunja magoti, fanya hivi:

1. Punguza maji hadi sentimita 5 au 7.
2. Inamisha beseni kwa kuweka kipande cha tofali chini ya upande mmoja, ili upande huo ulioinuka ubaki mkavu.
3. Weka ubao uliolala kutoka majini hadi pakavu, na mawe yenye mteremko. Ukuta wa plastiki unateleza. Vyura wengi wachanga hawawezi kuupanda.
4. Weka majani mabichi na nyasi zilizolowa upande mkavu ili wajifiche.
5. Kaza neti upya. Vyura wa matete, wao, hupanda ukuta wowote.

Usiwalishe wenye mikono. Wenzao walio nyuma waendelee na mchicha, kidogo zaidi ya mwanzo. Chura wa kucha peke yake hahitaji pakavu, yeye hukaa majini maisha yote.

Dalili ya mafanikio: chura mdogo ameketi pakavu, mkia umebaki kisiki, macho yametokeza, akiguswa anaruka.

## Hatua ya 9: Warudishe walikotoka

Waachie jioni, ardhi ikiwa imelowa, ikiwezekana baada ya mvua. Wapeleke ukingoni mwa dimbwi lilelile, kwenye nyasi, hata kama maji hayapo. Chura mchanga wa nchi kavu anahitaji unyevu na wadudu kuliko maji. Kama pale pamejengwa au pamefukiwa, tafuta sehemu yenye majimaji ya karibu zaidi katika bonde lilelile. Waachie makundi madogo sehemu tofauti, wasiwe karamu ya yangeyange mmoja.

Usiwamwage ziwani. Sangara, sato na kambare watawamaliza, na vyura wengi wa madimbwi hawana desturi ya maji yenye samaki. Kwa sababu hiyohiyo, bwawa la kufugia samaki nalo halifai.

Usiwapeleke bonde jingine pia, hata kama lina maji mazuri. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura husafiri kwa maji, tope na vyura wenyewe. Kuvu hiyo ilikutwa kwenye vyura wa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, waliokufa mwaka 2003, na mwaka 2009 chura huyo, ambaye hatagi bali huzaa watoto hai, akatangazwa kuwa ametoweka porini. Anayeonekana mzima anaweza kuibeba.

## Kusafisha baada ya kazi

Mwaga maji ya beseni kwenye ardhi kavu, mbali na mfereji, kisima na ziwa. Loweka beseni, ndoo, chujio na soli za gambuti kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kwa dakika 15. Suuza mara tatu, kisha anika kwenye jua kali mpaka vikauke kabisa, ikiwa ni pamoja na matope yaliyojificha kwenye mistari ya soli. Rudia hivyo kila unapotoka dimbwi moja kwenda jingine, hata kama ni siku ileile. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na ndoo hizo zisirudi kubeba maji ya kunywa.